Dele la Kahawa Lahamishwa

Bi Wanu wa Bububu, mama wa watoto sita, hana subira na mikutano. Kwenye kamati ya kituo cha afya, daktari aliuliza kwa nini wanawake hawaji kufuata uzazi wa mpango. Wajumbe wakataja ukosefu wa mapazia, ukuta, wafadhili. Bi Wanu, mjumbe mwenzao, alijua: wanaume hunywa kahawa barazani mbele ya mlango wa kituo, na kila anayeingia husemwa.

Akamwomba muuza kahawa ahamie nyuma ya msikiti. Kesho yake wanaume wote wakalifuata dele lake, bila kuambiwa neno.

Mumewe alinung'unika kwamba kahawa imekuwa mbali.

"Kutembea kuna afya, bwana," alisema Bi Wanu, akavaa buibui lake, akaenda kupanga foleni kituoni.