Bwawa la Kuluthumu Lililokataa Kuzikwa

Kuluthumu binti Abasi alikuwa mkunga wa mtaa wa Itetemia, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake, kwa hiyo hakumwogopa kiongozi yeyote.

Mwaka mmoja baada ya Azimio, alikuja Bwana Samaki, ofisa wa ufugaji wa samaki, kijana aitwaye Silasi, akatangaza kwamba kila penye nafasi pachimbwe bwawa la perege. Uani kwa Kuluthumu nafasi ilikuwepo. Bwawa likachimbwa, likatiwa samaki arobaini, likapigwa picha. Baada ya miezi mitatu korongo walikuwa wamewamaliza samaki wote, wakabaki vyura. Kila jioni vyura walifanya mkutano wa hadhara: wote wanasema, hakuna anayesikiliza.

Kuluthumu akaomba ruhusa ya kulifukia. Silasi akamweleza kwa upole kwamba haiwezekani, bwawa limeshaandikwa kwenye ripoti.

“Basi lifugeni huko huko kwenye ripoti,” alisema, akaenda kuazima koleo.

Alijaza udongo, majivu na pumba za mpunga, akasawazisha, akaridhika. Lakini udongo wa pale ni ule mweusi wa mbuga, haupitishi maji. Mvua za Novemba ziliponyesha, shimo lote likawa uji, ingawa juu palionekana pakavu.

Wiki hiyo hiyo Silasi akaleta mgeni wa serikali kuonyeshwa bwawa. Silasi alimwamkia Kuluthumu shikamoo, akatazama uwanja mtupu, jasho likamtoka.

“Mama, bwawa liko wapi?” akauliza huku akisogea mbele. Hatua ya tatu alizama hadi kiunoni.

“Hapo hapo uliposimama, mwanangu.”

Walimvuta kwapani, Kuluthumu akimwagiza asipigane na tope, atulie tu. Kiatu kimoja hakikutoka. Mgeni alicheka mpaka akashika uzio.

Jirani wa Kuluthumu, Anton, aliyetandika reli miaka ishirini, alikuwa ametazama kazi yote tangu mwanzo bila kusema neno. Kuluthumu alipomuuliza sababu, alijibu kwamba hakuna aliyemtaka ushauri. Akaeleza: shimo lile ni kama bakuli, maji hayana pa kutokea. Yachotwe matope, uchimbwe mtaro kuelekea chini kwenye majaruba ya mpunga, zitangulie kokoto na matofali mabovu, kisha udongo ushindiliwe kidogo kidogo na kuachwa umeinuka juu kama kibiongo, maana utashuka.

Silasi alikuja mwenyewe kuchimba mtaro, siku nne, kwa aibu. Kwenye ripoti aliandika kwamba bwawa “limeendelezwa.” Kuluthumu aliposomewa neno hilo alicheka, kisha akamwekea bakuli la pili la ugali, maana kijana alikuwa amechimba kweli.

Mvua zilizofuata, baada ya shimo kujazwa alivyoeleza Anton, pakadidimia shubiri moja katikati. Kuluthumu akaongeza madebe kumi ya udongo, akapanda viazi vitamu. Havikuwa vitamu sana.