Beringi Kwanza, Mngurumo Baadaye

Picha ulizonitumia kutoka Nizwa nimeziona, mwanangu. Kabureta inang'aa, ekzosi inang'aa, nawe waniuliza ipi ununue kwanza kwa pesa ulizonazo. Ngoja kwanza. Gari hiyo hiyo niliyokupa, unayoifufua injini yake sasa, iliwahi kunitia aibu, na siku ile haijanitoka mpaka leo.

Nilikuwa na umri wako, tupo Ibra, dada yangu Zuwena anaolewa Sur. Nikaapa, wallahi bibi harusi hapandi gari nyingine ila yangu, ya Kimarekani, silinda nane! Injini ilikuwa imechoka, tumeifungua yote, na pesa zangu hazitoshi spea zote. Fundi Khamis, mzee wetu wa Unguja, akanambia, "Nunua beringi za shafti, ringi za pistoni na pampu ya oili. Urembo baadaye."

Ah wapi! Mimi nataka ingurume mtaa mzima watoke nje. Nikanunua kabureta kubwa na ekzosi. Beringi kuukuu nikazifuta nikazirudisha.

Siku ya harusi nikawaambia jamaa watangulie, ili mimi na Zuwena na mama tuingie Sur wa mwisho, tusikike. Hatujafika nusu ya njia, injini ikaanza kugonga, ko-ko-ko, kisha kimya. Jua la utosi, na Sur wanamngoja bibi harusi. Aliyesimama kutusaidia ni mvuvi wa Al Ashkhara, anarudi na pikapu lake kutoka kuuza samaki. Zuwena akapanda na hina yake na udi wake, akafika kwa mumewe ananuka papa. Nililia, mwanangu, sikuficha.

Fundi Khamis alipoifungua alinionesha beringi zilivyoliwa. "Umenunua cha kusikika," akasema, "cha kukufikisha umekiacha dukani."

Basi nisikilize. Shafti ikapimwe kwanza, ndipo uchague beringi za saizi yake. Ringi, gasketi, pampu ya oili, vyote vipya, na radieta usiifanyie ubahili, joto letu unalijua. Kabureta ya zamani isafishe tu, itakwenda. Vya nje utavibadilisha siku yoyote upendayo. Vya ndani mpaka uifungue injini upya. Hilo nina yakini nalo.

Shangazi yako kila Idi akiniona huziba pua. Amesema ukiimaliza atapanda tena mpaka Sur, na safari hii anataka kufika ananukia udi. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na kila utakayempakia amfikishe salama.