Leo Nimemfokea Nyanya wa Watu

Sijamwambia mtu mwingine: leo nimefaulu mtihani wa ukalimani wa hospitali kwa kumfokea nyanya mgonjwa.

Mimi, ambaye darasani niliomba ruhusa ya kwenda choo kwa kunong'ona.

Nyanya alitoka Luanda Kotieno, anajua Dholuo tu. Daktari hajui Dholuo. Msimamizi wa mtihani alikaa nyuma na karatasi yake. Sheria ni moja: kila kinachosemwa chumbani kinatafsiriwa.

Daktari akauliza mbona presha haishuki.

Nyanya akaniinamia. "Nyathina, hii usimwambie. Dawa nagawana na dada yangu."

Nyathina ni mtoto wangu. Aliniita hivyo, na bado nikamwambia daktari kila kitu, hata lile "usimwambie".

Daktari akafoka: "Hizi ni dawa, mama, si samaki wa omena wa kugawana! Unataka kufa?"

Nikatafsiri polepole, kwa adabu.

"Na sauti pia," msimamizi akasema. "Yeye amefoka. Foka."

Jamani, nikafoka.

Nyanya akanitazama mimi, si daktari. "Nimezaa saba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipigia kelele."

Nikatafsiri hilo pia, kana kwamba mimi ndiye niliyezaa saba. Daktari akacheka. Msimamizi akatia tiki.

Sasa hivi Mama, niliyemwambia tu kwamba nimefaulu, anawapigia simu shangazi zangu wote, eti binti yake ana huruma na wagonjwa.

Nyinyi mngefanya nini? Niambieni ukweli, hata kama ni mchungu. Ila Mama hayumo kwenye kundi hili, na tafadhali asije akaisikia kwenu.