Nusu ya Kaburi la Baba

Likizo nzima mama aliniomba kitu kimoja tu: nimpeleke kwenye kaburi la baba. Baba alizikwa kule mahameni, tulikohama siku zile watu walipoambiwa watoke kwenye mashamba yao, waje kujenga kijiji kando ya barabara, huku Mpapura. Nyumba tulizivunja, milango tukaibeba. Kaburi halibebeki. Miaka ya mwanzo mama alikuwa anakwenda mwenyewe kwa miguu, jembe begani, anapalilia, anamsomea baba dua, anarudi jioni. Kisha goti likaanza kumsumbua, njia ikaota pori, akawa ananisubiri mimi.

Na mimi ndiye nani? Mpiga chapa wa ofisini Dar es Salaam, niliyekuja na sabuni, khanga mbili, sukari ya kupanga foleni na viatu vya raizoni, vile vya soli nene. "Tutakwenda, mama, likizo bado ndefu," nilimwambia siku za mwanzo. Nikateremka mjini, Chikongola, kwa rafiki niliyesoma naye, kusukwa nywele na kuoga baharini. Niliporudi nikasema tutakwenda keshokutwa. Keshokutwa ikafika, nikarudi tena mjini. Mama hakununa. Angenuna ningemjibu, maana mimi kwa kujibu sijambo. Alisema tu, "Haya, mwanangu," na jembe lake likabaki pale nyuma ya mlango.

Ikabaki siku ya kuondoka. Bahati yangu, dereva wa lori la kijiji alikuwa binamu yangu, na asubuhi hiyo lori lilikuwa linakwenda kubeba korosho kwenye mashamba yale yale ya zamani, kisha literemke mjini. Akasema atatuchukua wote wawili. Mama atakwenda kaburini wakati wapakiaji wanapakia, halafu mimi atanifikisha uwanja wa ndege. Tulitoka giza halijaisha. Mama alijifunga khanga nilizomletea, akakaa kati yetu na jembe lake magotini, akaongea njia nzima. Sikuwa nimemwona na furaha vile tangu tulipohama.

Kufika, loh! Kaburi halionekani. Majani yalikuwa yamenifika kiunoni, na mama alilipata kwa kuufuata mkorosho ulioinama karibu yake. Akapiga magoti, lile zima na lile bovu, akaanzia upande wa miguuni. Kwa mama, dua haisomwi kaburi likiwa chafu. Unasafisha kwanza, unafagia, ndipo unakaa na mtu wako. Akawa anang'oa polepole huku anazungumza na baba. "Mwanao huyu hapa, kaja. Kanenepa." Mimi nilisimama pembeni na raizoni zangu, naogopa upupu, naangalia saa. Ningeinama, tungemaliza mapema. Sikuinama. Gauni lilikuwa la kusafiria.

"Mama, ndege."

"Bado kidogo, mwanangu. Nifike kichwani."

"Mama, ndege haitanisubiri!"

Binamu yangu akapaza sauti kutoka kwenye lori. "Dada, mwache shangazi amalize bwana, magunia bado mengi!"

Nikamgeukia kama niliyekanyagwa. "Wewe ndiye utakayenitafutia kiti kingine nikiachwa? Unajua kiti cha ndege kinavyopatikana? Kazini kwangu utakwenda kujieleza wewe?" Maskini, akawahimiza wapakiaji.

Mama akanyanyuka kwa kuushika ule mkorosho. Upande wa miguuni palikuwa peupe, udongo mwekundu umekaa vizuri. Upande wa kichwani majani vile vile. Dua hakusoma. Alijipangusa mikono kwenye khanga mpya, akasema, "Haya, mwanangu." Kwenye lori hakuongea tena, na mimi nikajifanya natazama nje.

Uwanjani karani akatuambia, bila hata kuinua kichwa, "Ndege haijaondoka Dar. Subirini."

Subirini! Nilitaka kumrukia. Binamu alikuwa ameshatuacha, amekwenda kushusha korosho ghalani, na hata angekuwepo, nani angeniruhusu kurudi porini wakati ndege yaweza kutua saa yoyote? Tukakaa kwenye benchi. Adhuhuri ikapita. Jua likaanza kuinama, abiria wakavua viatu, wengine wakalala. Kwa muda ule tungepalilia makaburi ya ukoo mzima. Roho ilinisuta hadi nikashindwa kumtazama mama usoni, nikawa natazama mikono yake.

Karani alipopita akaliona jembe. "Mama, hilo halipandi ndege."

"Hata mimi sipandi, baba," mama akajibu. "Anapanda huyu." Watu wakacheka, na yeye akacheka. Mimi nikainuka kwenda kumtafutia soda, nisionekane nalia.

Niliporudi nikamwambia, "Mama, nisamehe."

"Kwa lipi? Kazi ni kazi." Akanywa soda yake kidogo, akanirudishia chupa. "Maliza wewe, njia ndefu."

Bora angenipiga kofi.

Ndege ikatua alasiri. Watu wakasimama, wakaanza kusukumana mlangoni. Nami nikabeba begi langu na kikapu cha korosho alichonifungia. Mama akanishika mkono. "Ngoja kidogo," akasema. Akalaza jembe chini, akainua viganja, na kucha zake bado zilikuwa na ule udongo mwekundu. Akasoma kwa sauti ndogo, midomo inacheza, muda mrefu. Watu wakatupita. Karani akaita mara ya mwisho, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuangalia saa. Niliweka mizigo chini nikainua mikono na mimi. Nilijiona mdogo, nikajiona pia mwenye bahati, kwamba pamoja na yote yale bado ananiombea safari.

Alipomaliza akajipangusa uso. Nikaitikia, machozi yananitoka, "Amin. Ahsante, mama, kwa dua."

Akanitazama, wala hakuwa na hasira hata chembe.

"Hiyo ilikuwa ya baba yako," akasema. "Nenda, utaachwa. Yako nitaisoma ukisharuka."