Blanketi Jekundu la Mama

Jana jioni nilikuwa nachambua maharage, redio iko juu ya kabati, mtangazaji akasoma hali ya hewa. Nyanda za juu kusini, akasema, asubuhi manyunyu, mchana mvua za ngurumo na mawingu mazito, na ndege ndogo ziwe na tahadhari. Alisoma kwa sauti ile ile anayosomea bei ya mahindi. Mimi nikainuka, nikafunika kioo cha ukutani kwa kanga. Kitinda mimba wangu akacheka. "Mama, hiyo radi iko redioni tu." Nikamwacha acheke. Yeye hakukulia kiwanjani.

Mimi nimekulia kwenye kiwanja cha ndege, huku kwetu Mbozi, njia ya kwenda Tunduma, enzi za Mwingereza. Msidhani kilikuwa kiwanja cha maana. Ilikuwa mbuga ya majani tu. Ndege za kwenda Mbeya zikikuta mawingu yamelalia milima, zilitafuta pa kushukia, na pale ndipo. Baba aliajiriwa kukitunza: kufyeka majani, kufukuza ng'ombe wa majirani, kupaka chokaa mawe yaliyopangwa pembeni ili rubani aone kiwanja kinaanzia wapi. Palikuwa na mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo. Sisi watoto tuliuita suruali ya Mzungu, na mdogo wangu Yoeli hakuchoka kumuuliza baba mguu wa pili uko wapi. Miezi ilipita bila ndege hata moja, na baba anapaka chokaa tu.

Nyumbani tulikuwa na blanketi moja zuri, zito, jekundu. Kiangazi mimi na Yoeli tulilala nalo. Lakini ngurumo ya kwanza ya mwaka ikisikika, hata iwe mbali upande wa Rhodesia, mama alilikunja, akalitia sandukuni pamoja na kioo, akafunga. Chekundu hakitoki mpaka mvua ziishe. Wengi huku waliamini kwamba radi inapenda chekundu na kinachong'aa, lakini mama alizidi, maana mdogo wake alipigwa na radi akilima, na siku hiyo alikuwa amejifunga kitambaa chekundu. Mama alimwamini Mungu na aliiogopa radi, vyote viwili kwa moyo wote. Basi sisi tunatetemeka chini ya kishuka, na blanketi liko sandukuni linajipasha joto peke yake. Nililichukia lile sanduku.

Siku ninayoisema mvua ndiyo zilikuwa zinaanza. Tangu asubuhi hewa ilikuwa imesimama, inanuka vumbi na majani yaliyoungua. Mchana mbingu ikawa nyeusi kama sufuria kwa nje, radi ikaanza kupasua, na mama akatusukuma chini ya kitanda. Ikashuka mvua ya mawe. Ilisikika juu ya nyasi za paa kama watu wanamwaga mahindi. Yoeli alinishika sikio, hakuliachia.

Ilipopungua, nilichungulia mlangoni toka kule chini ya kitanda. Nje kote kulikuwa kweupe. Ndipo tukausikia mngurumo mwingine, mwembamba, haukatiki, unakuja, unakwenda, unarudi. Ndege ilikuwa juu ya mawingu, inazunguka.

Baba akaingia mbio, ameshika kipande cha suruali ya Mzungu. Mawe yalikuwa yameichana.

"Chokaa yangu haionekani," akasema. "Pote ni peupe. Akitokeza hapo chini ya wingu hataona kitu."

"Si aende kwingine?" mama akauliza.

"Kwingine wapi, Mama Tabita? Mbeya imefunikwa. Atazunguka mpaka mafuta yaishe, kisha ataanguka."

Nje radi ilipiga, nyumba ikawa nyeupe ndani, mpaka nikaiona mikono ya mama. Ilikuwa inafungua fundo la kanga, mle alimoweka ufunguo.

Baba alipoona anainamia sanduku, akanyoosha mkono. "Lete, niende nalo mimi."

"Wewe una ng'ombe. Wamejaa katikati pale, na mimi hawanisikii." Akalitoa blanketi. "Huyo aliye juu naye ana mama yake."

Kisha akainama kwetu chini ya kitanda. "Tabita, mshike mdogo wako, msitoke. Nikichelewa, viazi viko jikoni chini ya kapu." Alisema kama mtu anayekwenda kisimani.

Akatoka. Nilimwona anakimbia peku juu ya barafu ile, akasimama mwanzo wa kiwanja, akainua blanketi juu ya kichwa, akaliachia upepo ulishike. Kwenye weupe wote ule, chekundu kilikuwa kimoja. Midomo yake ilikuwa inakwenda, anasali. Kila radi ilipomulika nilifumba macho, na kila nilipofumbua nilitafuta kwanza ule wekundu.

"Mama akichukuliwa," Yoeli akaninong'oneza, "viazi utajua kuvipika?"

"Nyamaza."

Radi ikapiga mti uliokuwa mwisho wa kiwanja, ukapasuka, harufu yake ikatufikia ndani. Mama alipiga magoti. Nilidhani amekufa. Lakini blanketi halikushuka. Na hapo hapo ndege ikatokeza chini ya wingu, inayumba kama mlevi, ikapita juu yake, ikagusa chini, ikateleza, ikasimama karibu na ng'ombe wa mwisho.

Rubani alikuwa kijana hata ndevu hana. Alishuka, akatapika, akashika mkono wa mama, hakuuachia. Alikuwa na Kiswahili kidogo. "Mama," akasema, "nyekundu. Nyekundu." Mama akampa uji.

Kesho yake blanketi lilipokauka tu, mama akalikunja, akalirudisha sandukuni, akafunga. Nilikasirika mno. Nikajiambia mama haelewi: si amesimama nalo katikati ya radi, na radi haikumtaka? Nikalala na baridi yangu, namwona mjinga.

Nikawa mtu mzima, nikaenda madarasa ya jioni. Siku moja mwalimu akatueleza kwamba radi haijali rangi, inatafuta kilichosimama peke yake mahali pa wazi. Darasa zima likacheka, wakikumbuka vitambaa vyekundu vya mama zao. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwona yule mwanamke, peke yake, mahali pa wazi.

Hofu haikumtoka mama siku ile wala baadaye. Alitoka akijua radi itamchukua, kama ilivyomchukua mdogo wake, akiwa ametuachia neno la mwisho. Mimi nilidhani anatuambia habari za viazi.