Mla Penseli Hapewi Wino

Mimi ni fundi cherehani, na wateja wangu hapa Shinyanga mjini wameshazoea kunikuta na penseli mdomoni. Juzi mama mmoja aliyeleta kitenge cha harusi ya mwanawe alinitazama ninavyompima kiuno huku natafuna, akaniuliza, "Mama Kulwa, ukiimaliza hiyo penseli utahamia kwenye futi?" Tukacheka sana. Alipoondoka nikaitoa mdomoni, nikaiangalia vizuri. Nyuma ilikuwa imechanuka kama mswaki wa mti. Mtu mzima na akili zangu, watoto wangu wameshajitegemea, na bado nakula penseli. Basi nikaiacha cherehani, nikakaa, mawazo yakanirudisha shule.

Nimekulia kwa bibi mzaa mama, katika kijiji kimoja kati ya Ushirombo na Runzewe. Nyumbani tuliongea Kisukuma. Kiswahili tulikikuta shuleni kimekaa kinatusubiri na fimbo. Vitu vya shule tulivipa majina sisi wenyewe, maana hakuna mkubwa aliyepata nafasi ya kutuambia vinaitwaje. Penseli ilikuwa na nyama, yaani ule mti, na ndani ya nyama kuna risasi. Kifutio cha nyuma, kwa waliobahatika kuwa na penseli ya namna hiyo, kiliitwa ulimi, na kile kibati kinachokishika kiliitwa pete. Peni ilikuwa na kofia, na kofia ilikuwa na sikio, lile la kuning'inizia mfukoni. Kile kidude kinachoziba nyuma kilibaki kizibo tu. Nadhani kilikosa jina la utani kwa sababu hakikudumu. Ndicho kilikuwa cha kwanza kuliwa.

Na tulikula kweli, usidhani ni mimi peke yangu. Ungeokota peni mchangani ungejua ni ya nani kwa kuangalia alama za meno. Kuna mvulana alibana kofia kwa magego mpaka inakuwa bapa haivaliki tena. Msichana wa dawati la mbele alikuwa akinyonya kizibo kama peremende, siku moja akakimeza, tukamsindikiza kwao tukilia, tunajua huyo ndiyo basi. Kesho yake akaja shule mzima, tena anadai kizibo kingine. Tuliamini ukimeza kifutio utasahau yote uliyosoma. Mimi ugonjwa wangu ulikuwa penseli. Kwanza rangi inabanduka, ina kauchungu fulani, halafu mti unalainika, unakuwa na ladha ya kuni mbichi. Bibi akiiona penseli yangu anaigeuzageuza mwangani, anasema, "Mimi nilijua naletewa mjukuu, kumbe wameniletea mchwa."

Shuleni kwetu darasa la kwanza na la pili waliandika kwa penseli. Peni ilikuwa ya darasa la tatu, na hata huko hukuishika hivi hivi. Mwalimu wetu wa darasa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele, alikagua madaftari kila Ijumaa. Herufi zako zikikaa juu ya mstari, na karatasi haina matundu ya kufutafuta, alikuambia, "Wewe Jumatatu njoo na peni." Sisi tuliita hiyo kupewa wino. Aliyepewa wino alikimbia nyumbani bila kusubiri mtu, na kuanzia siku hiyo alitembea kichwa juu, peni kaichomeka kwenye nywele. Lakini mwalimu alikuwa na sharti la pili. Alitaka kuiona na penseli yenyewe. Ikiwa imetafunwa, hata mwandiko uwe mzuri vipi, daftari lilirudi. "Anayekula penseli," alisema, "nikimpa wino ataunywa."

Katikati ya muhula akaletwa msichana mgeni, akakalishwa na mimi. Baba yake alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, wale wanaohama kwa tetesi: wakisikia kuna mali mahali, wanafunga godoro. Huyu msichana alikuwa mkubwa kuliko sisi wote, maana kila alikohamia alirudishwa nyuma. Kila shule mpya ilitaka kuuona mwandiko wake upya, na kabla haijaridhika, baba ameshapakia vitu kwenye lori. Kwa hiyo alikuwa amepita shule nyingi, na hajawahi kuandika kwa wino hata siku moja. Aliniambia hivyo taratibu tu, kama mtu anayekuambia hajawahi kufika Mwanza.

Peni alikuwa nayo, lakini. Aliiokota machimboni, kavu haina kitu, akaifunga uzi akaivaa shingoni. Na majina yake yalikuwa mengine kabisa. Peni nzima aliiita duara, maana kwa wachimbaji duara ndilo shimo lenyewe wanaloshuka. Mrija wa wino ulikuwa mshipa, kama ule wa dhahabu ndani ya mwamba, na peni ya mtu ikigoma kuandika alimpa pole, anamwambia mshipa umekata. Unga wa kuchonga penseli ulikuwa kifusi. Haukupita muda dawati letu lote likawa linaongea kichimbaji, na mimi nikampenda kama ndugu yangu wa tumbo moja. Balaa ni kwamba katika kutafuna alinizidi. Kama mimi nilikuwa mchwa, yule alikuwa fisi. Penseli yake ilikuwa haina ulimi, haina pete, na nyama yenyewe imebaki nusu.

Ijumaa moja mwalimu alilipitia daftari lake ukurasa kwa ukurasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaomba penseli. Aliitazama, akamrudishia vyote. Mimi nilishanyimwa wino mara nyingi, nikawa sugu. Yeye hakuwa sugu. Tulipofika kwetu alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akainamisha uso, na bibi alipouliza kulikoni nikamweleza mimi.

Bibi hakumhubiria. Alizipaka penseli zetu maji ya mwarobaini, dawa ya watoto wanaonyonya vidole. Rafiki yangu akaitafuna hivyo hivyo, akasema machimboni wanakunywa maji machungu kuliko hayo. Bibi akaona mambo si hayo. Akaingia ndani, akatoka na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani mpaka vinakuwa vigumu kama kokoto, akatujazia mifuko. "Meno yakitaka kazi yapeni kazi," alisema. Akatununulia na penseli mpya, moja moja. Wiki ile tulikaa darasani mashavu yamevimba, tobolwa linayeyuka polepole, na penseli ya rafiki yangu ikabaki nzima. Yangu ilipata meno mawili matatu, sitakudanganya.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo habari zikaingia kijijini kwamba huko mbele, upande wa Geita, kumetokea mlipuko. Ndivyo wachimbaji wanavyoita dhahabu ikionekana mahali papya, na wakisikia hivyo hawalali. Jioni rafiki yangu alikuja kwetu, akasimama mlangoni, akasema wanaondoka alfajiri. Alfajiri ya Ijumaa, siku ya ukaguzi. "Huko nako watanianzishia penseli," akasema. Hakulia. Nililia mimi.

Bibi aliweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri, akatushika mikono wote wawili. Tulimkuta baba yake uani anafunga godoro kwa kamba, sururu na nyundo zimeshawekwa kwenye gunia.

"Shikamoo, mama," alisema yule baba.

"Marahaba. Nasikia mnahama."

"Tunahama, mama. Hapa tumechimba mpaka tumechoka, hakuna kitu. Huko wanasema mali iko juujuu."

"Mungu awape. Mimi nimekuja kuomba mtoto. Niachieni mpaka shule ifungwe, aandike kama wenzake."

Yule baba akakuna kichwa. "Atakulemea. Huyu anakula, mama."

"Chakula chake nakijua," alisema bibi. "Ni penseli."

Mama yake, aliyekuwa anapanga sufuria, alicheka kwa sauti. Halafu akageukia ukutani, akafuta macho kwa pindo la kanga. Ndiye aliyeamua. "Mwache, baba yake. Tumemhamisha vya kutosha." Baba alikaza fundo la kamba, akalifungua, akalikaza tena, ndipo akasema, "Haya."

Rafiki yangu alilala kwetu, mimi na yeye mkeka mmoja. Kabla hapajapambazuka vizuri tulisikia lori linapita barabarani, na alikaa kitako kulisikiliza mpaka sauti ikaisha. Asubuhi bibi akampa jembe apalilie kipande kidogo kabla ya shule. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi yangu hizo siku mbili alikuwa hazijui. Nafikiri alitaka mikono ya mgeni wake isikae bure.

Mchana mwalimu alikagua. Aliishika ile penseli kwa ncha mbili, akaizungusha, akapitisha kidole nyuma kwenye ulimi mwekundu ambao haujaguswa. "Jumatatu njoo na peni," akamwambia. Mimi daftari langu lilirudi kama kawaida, na siku hiyo sikujali hata kidogo.

Jumatatu alikwenda na peni ya buluu aliyonunuliwa na bibi sokoni. Mwalimu alitoa imla ndefu, rafiki yangu akajaza ukurasa mzima, polepole, ulimi wake nje. Njiani kurudi alilibeba daftari likiwa wazi juu ya viganja vyake, asije akauharibu wino, ingawa ulikuwa umeshakauka zamani. Tulipofika njia panda, moja inakwenda kwetu na nyingine kwenye vile vyumba walivyokuwa wamepanga, alianza kukimbia kuelekea vyumbani. Alikimbia kidogo tu, akasimama. Mlango wao ulionekana kutoka pale, umefungwa kwa kufuli la mwenye nyumba. Kisha akasema, wala hakuwa ananiambia mimi, "Sasa nimwonyeshe nani?"

Nilimshika mkono tukaenda kwetu. Bibi alikuwa jikoni na mboga ya majani ya kunde iliyotiwa karanga, mboga ambayo ukiacha kuikoroga kidogo tu inashika chini. Nikamwambia bibi kwamba mwenzangu ameandika kwa wino. Bibi akautoa mwiko, akafuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye kigoda. "Lete nione, ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu.

Bibi hakujua kusoma, na sote tulijua. Alilipokea lile daftari kwa mikono miwili. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akauliza, "Hapa umesema nini?" Rafiki yangu akamsomea. Kidole kikashuka. "Na hapa?" Akasomewa. Wakaendelea hivyo, mstari kwa mstari, bibi anasikiliza kana kwamba ni habari za watu anaowafahamu. Mimi nikasikia harufu ya karanga zinaungua, nikasema, "Bibi, mboga." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Iache." Akashusha kidole kwenye mstari unaofuata. Usiku tulikula ugali kwa mboga yenye moshi, na rafiki yangu alikula kuliko siku zote.

Shule zilipofungwa mama yake alikuja kumchukua. Dhahabu walipata au hawakupata, sikumbuki. Simu hazikuwepo, na watu wa machimbo hawana anwani, kwa hiyo nilimpoteza hivyo. Mpaka leo nikienda Geita kuchukua vitambaa, nawatazama wanawake wa rika langu usoni, wengine wanadhani nawadai.

Majina yetu yamekufa. Watoto wa siku hizi wana peni za kubofya, ukiwauliza sikio la kofia wanakutazama wewe. Kichimbaji cha dawati letu sijui kama yupo anayekikumbuka zaidi yangu, na pengine yeye. Hayo siyalilii, kila zama na watu wake. Ninayemlilia ni bibi. Ameshatangulia, na nyumba yake imeshabebwa na mvua. Nikimaliza gauni lililonitoa jasho, harusi imeridhika, mteja amenisifu na amelipa, huwa nabaki nimesimama katikati ya duka na mikono yangu mitupu. Watu wa kunisifu ninao, namshukuru Mungu. Ila hakuna aliyebaki wa kuacha mboga iungue.