Niliwapandisha Wazee Ndege Isiyoruka

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Limenielemea kifuani, acha niliseme hapa.

Ninaishi Whitehall, Columbus, huku Marekani, na kazi yangu ni kufagia katika makumbusho ya ndege. Ninayoipenda kuliko zote ni ndege ya kale ya vita. Ilianza kwa kudondosha mabomu, ikaishia kulinda bahari na kusaka nyambizi. Sasa injini zake hazina kitu ndani, wageni huingia tu kupiga picha.

Nami nikapiga yangu, nimekaa kwenye kiti cha rubani. Nikaituma Buffalo kwa mchumba wangu Furaha na wazazi wake: "Niko kazini, nalinda bahari."

Baba yake akapiga simu. "Kule Columbus kuko bahari?"

"Hakuna, baba. Ndiyo maana tunatumia ndege."

Akaridhika! Kanisa lao likawa linaniombea kila Jumapili nisianguke majini.

Siku ya posa ikafika. Kwetu Wakongomani kijana hajisemei, husemewa na wazee wake, na wangu wako Louisville. Baba yake Furaha akawaambia wafike Columbus tu, kutoka hapo mkwe atawaleta kwa ndege yake. Wakaniuliza, nikaitikia. Jamani, ulimi huu!

Wakaja, baba mkubwa na suti, shangazi na kitenge kipya na kuku wa kukaanga. Nikawapandisha. Shangazi akaombea safari, tukasema amina, tukakaa.

"Bon, tunangoja nini?" baba mkubwa akauliza.

"Upepo utulie," nikasema. Tulikuwa ndani ya jengo, chini ya paa.

Mara akapita mtembeza wageni na watoto wa shule, akiwaeleza kwamba ndege hii haijaruka tangu babu zao wakiwa vijana. Baba mkubwa Kiingereza anakijua. Akanitazama, akamshika shangazi mkono, wakashuka.

Walikwenda Buffalo kwa gari lao, bila mimi. Walimkuta mama yake Furaha uani, bado anatazama juu. Baba mkubwa akasema ukweli wote, akaniombea radhi, na posa akaitoa vilevile.

Jioni baba yake Furaha akanipigia. "Mwenye kufagia tungemupatia binti yetu. Ule pilote, hatumujue."

Furaha hapokei tena simu yangu, na inaniuma.

Wewe uliyepiga picha umeegemea gari la bosi, mwambie mkweo leo, kabla hajaomba lifti.